Krismasi Iliyotukuta Hedaru

Basi letu lilizima Hedaru, saa moja kasoro jioni, tarehe 24 Desemba. Lilikohoa mara mbili, likajikokota hadi pembeni mwa barabara, na taa za ndani zikafa. Tulikuwa tumetoka Mbezi asubuhi, tumekaa Chalinze kwenye foleni ndefu, tumekula Korogwe, na kila mtu mle ndani alikuwa na mtu anayemsubiri Same, Mwanga, Himo, Moshi au Rombo. Nyuma yangu kulikuwa na mtoto aliyeuliza kila baada ya dakika chache kama Bibi atakuwa ameshalala.

Nimelisimulia basi hilo mara nyingi, na kila nikifika pale ambapo abiria walianza kuimba, haikosi mtu akaguna. Ataniambia hizo ni simulizi za kanisani, kwamba aliyekwama porini hana la kuimba. Desemba hii miguno imezidi, maana nauli ni zile zile za kukatisha tamaa na nyumba nyingi zinaingia kwenye sikukuu zikiwa zimepungukiwa: hela, kazi, au mtu. Nimeona niijibu, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu naamini inawanyima watu kitu kilicho chao.

«Furaha ya kuamua ni unafiki.» Hili ndilo dai zito kuliko yote, na mara nyingi wanaolitoa ni watu wakweli. Wanasema furaha huja yenyewe, ukiilazimisha umevaa barakoa, na barakoa ina mwisho wake.

Nusu ya dai hili naikubali. Kuficha uchungu hakuuondoi. James Gross, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliwahi kuwaonyesha watu filamu ya kutisha ya upasuaji, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1998. Waliotakiwa wasionyeshe chochote usoni walifaulu kuficha, ila karaha ilibaki pale pale na miili yao ikazidi kuhangaika. Wengine walitakiwa kuitazama filamu ile ile kwa jicho jingine, kwa utulivu, kama daktari anavyotazama kazi yake. Hao karaha iliwapungua kweli. Kwa hiyo kuficha ni jambo moja, na kubadilisha namna ya kutazama ni jambo jingine kabisa. Wanaosema unafiki wanayachanganya.

Sasa nirudi Hedaru. Siti ya mbele alikaa mama mmoja wa makamo, kitenge cha rangi ya udongo, tenga la kuku miguuni. Taa zilipozima, yeye ndiye wa kwanza kusimama.

«Mwanangu,» akamwambia konda, «hili basi lilikuwa bovu tangu Mbezi. Mlijua.»

«Mama, fundi anakuja.»

«Anatoka wapi?»

«Korogwe.»

Akasonya. Akasema majina yetu yaandikwe pamoja na namba za tiketi, ili nauli ya safari iliyoharibika idaiwe. Konda akajifanya hasikii. Kijana mmoja akatoa daftari lake la shule, akaanza kuandika, kiti kwa kiti. Ni baada ya hapo tu ndipo yule mama alipokaa, akafungua mfuko wake, akatoa mikate mitatu na kisu kidogo cha jikoni. Aliibana simu kwa meno ili tochi imulike mapajani, akakata mkate vipande, akawa anavipitisha nyuma. Alipomaliza wa kwanza akaitoa simu mdomoni, akauliza: «Nani hajapata? Hii ilikuwa ya wajukuu, lakini wajukuu watakula kuku.» Mzee wa Same aliyevaa kofia ya kiua akatoa tende. Mtu akatoa karanga. Wimbo ulianzia huko nyuma kabisa, kwa sauti ya mtu mmoja tena ya kusitasita, na ulifika mbele ukiwa wa basi zima.

Niliuona uso wa yule mama tochi ilipommulika. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka na mwenye hasira. Hakujidai kwamba ana raha, wala hakutuambia tufurahi. Alichoamua ni mikono yake ifanye nini kwa usiku uliobaki. Ninaposema mtu anaweza kuamua kuwa na moyo mkunjufu, sisemi kwamba anaweza kuuamrisha moyo. Moyo hautumwi dukani kama mtoto. Mikono hutumwa, macho hutumwa, ulimi hutumwa, na moyo nao huwafuata wenzake, wakati mwingine kwa kuchelewa, na wakati mwingine haufiki kabisa usiku huo. Hata usipofika, mtoto aliye nyuma amekula mkate.

«Mkono mtupu haulambwi.» Methali hii husemwa sana Desemba, na anayeisema huwa amemaliza mazungumzo. Sikukuu ni ya wenye hela, basi.

Sitamwambia mtu mwenye njaa achangamke. Mwenye njaa anadai chakula, na jirani yake anadaiwa kumpa. Ila wengi ninaowasikia wakiitaja methali hii hawana njaa. Wana aibu. Uchagani mtu anayefanya kazi mjini hurudi Desemba, na kurudi kwenyewe ni kama kutoa hesabu ya mwaka: umekuja na gari au na basi, umeleta sukari kilo ngapi, umechangia mbuzi wa ndafu au umekuja kumla. Familia ya watu watano, nauli ya kwenda na kurudi peke yake ni mzigo. Treni ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirudi Desemba 2019, baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, ikawapunguzia wengi gharama. Hata hivyo aibu haipandi treni ikashuka njiani.

Jirani yangu alikopa kwa ajili ya Krismasi. Ulikuwa mkopo wa mtaani, ule tunaouita kausha damu, ambao ukiuchukua leo kesho unaanza kurejesha. Alipeleka sukari, sabuni, vitenge vya mashangazi na mbuzi. Alisifiwa. Mwishoni mwa Januari walikuja vijana wawili na guta wakapakia friji, televisheni na kochi. Watoto walikuwa wametoka shule, wamesimama na mabegi mgongoni. Jirani huyo alikuwa na mkono uliojaa tarehe 25, na aliniambia mwenyewe kwamba siku ile hakuonja kitu, alikuwa anapiga hesabu mchana kutwa.

Mwaka uliofuata hakusafiri. Alinunua ndizi za mshare pale Mahakama ya Ndizi, Mabibo, akapika kiburu cha ndizi na maharage, akatuita watu wa nyumba tatu. Dada wa Kitanga anayekaa naye ukuta kwa ukuta alikuja na sahani ya visheti. Tulikula tukiwa tumekaa kwenye mkeka, kwa sababu kochi lilikuwa bado halijapatikana. Sidai kwamba alifurahi kwa kuwa hakuwa na kitu. Alifurahi kwa kuwa, safari hii, alipika kile alichokuwa nacho kwa ajili ya watu waliokuwepo, badala ya kukopa alichokosa kwa ajili ya macho ya watu. Wahenga waliotuachia mkono mtupu walituachia pia mgeni njoo, mwenyeji apone, na sijui kwa nini Desemba tunakumbuka ile ya kwanza tu.

Kuna wanaosema wanaumia wakitazama status za wenzao kwenye simu. Kwa hili jibu langu ni fupi: weka simu mbali hadi tarehe 27. Unachoona pale ni dakika moja ya nyumba ambayo nayo ina sufuria iliyoungua.

«Mwenye msiba hafurahi, na hapaswi.»

Mama yangu alifariki Oktoba. Desemba ile shangazi alituita tukakaa, akasema: «Mwaka huu hapa hapana Krismasi. Tutasali, tutakula, tutalala.» Nilikubali haraka, maana nilidhani ndiyo heshima. Hatukuchinja. Kiburu hatukupika, kwa kuwa kiburu kilikuwa chake. Redio ilizimwa. Baada ya misa tulikula wali uliopoa, kila mtu macho kwenye sahani yake, hadi mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka sita, akauliza:

«Kwani Bibi ndiye alisema tusipike?»

Hakuna aliyemjibu. Jibu sote tulilijua. Mama alikuwa mtu wa kupika hata nyumba ikivuja. Tulikuwa tumemsingizia.

Ajabu ni kwamba sisi Wachaga, kati ya watu wote, tulikuwa na mafunzo mazuri kuliko hayo, ila tuliyasahau. Mpare ni mtani wa Mchaga. Mazishini, mtani huja kufanya kazi ambayo ndugu hawawezi. Anamwigiza marehemu alivyotembea, alivyokohoa, alivyokuwa mgumu wa kutoa hela. Sehemu nyingi za nchi hii watani wamewahi kuingia kaburini wakakataa kutoka mpaka walipwe, na mjane aliyekuwa akilia akajikuta anacheka huku machozi hayajakauka. Hakuna anayesema wamemdharau marehemu. Wanaitwa, wanasubiriwa, na wasipokuja msiba unaonekana umepungua. Waliouanzisha utani walijua kwamba aliyefiwa anahitaji kupumzishwa na huzuni kwa muda, ili apate nguvu ya kuirudia.

Watafiti wa mbali nao wamefika hapo kwa njia yao. George Bonanno na Dacher Keltner waliwahoji watu waliofiwa na wenzi wao miezi kama sita nyuma, na mwaka 1997 wakaeleza walichokiona: wale waliocheka kicheko cha kweli walipokuwa wakimzungumzia marehemu walikuwa wanaelemewa kidogo kuliko wale ambao hawakucheka. Miaka miwili baadaye Margaret Stroebe na Henk Schut wakaeleza kwamba anayeomboleza vizuri huenda na kurudi, mara yuko kwenye kilichopotea, mara yuko kwenye maisha yanayoendelea. Sisi tulikuwa tumemfungia kila mtu upande mmoja.

Krismasi iliyofuata shangazi mwenyewe ndiye aliyeinjika sufuria. Akiwa anaponda ndizi na maharage, akatusimulia siku ambayo mama alitia chumvi mara mbili, akakataa katakata kukiri, akala sahani nzima bila kukunja uso ili tu asishindwe. Shangazi aliuiga ule uso. Tulicheka, na sikujua ni wakati gani kicheko changu kiligeuka kilio, wala sikuona haja ya kujua. Kijana wetu wa miaka saba aliomba aongezwe.

Aliyefiwa juzi na anataka kulala chumbani siku nzima, aachwe alale. Apelekewe chakula, mlango ubaki wazi. Ninachokataa ni kanuni, ile sheria ya kwamba uaminifu kwa marehemu hupimwa kwa ukimya wa nyumba.

Linalofanana na hilo ni lile la kwamba haifai kufurahi wakati wengine wanaumia. Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang likaifunika sehemu ya Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha, wiki tatu kabla ya Krismasi. Wengi tulijiuliza kama ni sawa kupika. Nami nasema waliosaidia Katesh ni waliotoa unga, blanketi na fedha. Uso wangu wa huzuni, huku Dar es Salaam, haukumfunika mtu yeyote usiku wa baridi. Aliyetoa na kupika alifanya mawili. Aliyenuna tu hakufanya hata moja.

«Kuchangamka ni kuwafumbia macho wanaotuonea.» Wakati wa sikukuu nauli hupandishwa kinyemela, mabasi mabovu hutolewa gereji na kuingizwa barabarani, na wasemao hivi wanaogopa kwamba abiria anayeimba hatadai haki yake. Ningewaelewa kama nisingekuwepo Hedaru. Daftari liliandikwa kwanza, mkate ukakatwa baadaye, na aliyeyaanzisha yote mawili ni mtu yule yule. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, huweka ukomo wa nauli, na ukomo huo hulindwa na abiria mwenye tiketi mkononi, anayejua alipanda saa ngapi na alilipa kiasi gani. Abiria aliyenuna usiku kucha hufika nyumbani hana nguvu hata ya kutafuta ile tiketi. Orodha yetu ilipelekwa Januari kunakohusika, na sehemu ya nauli ikarudi. Walioifuatilia walikuwa wale wale waliopitishiana tende, maana usiku ule ndio uliotufanya tujuane.

Hadi hapa nimewajibu wanaoguna. Haki inanidai niwajibu pia wanaonishangilia, kwa sababu wapo wanaodhani ninasema: usijali, yote yatakuwa sawa.

Sisemi hivyo. Viktor Frankl, daktari Myahudi wa Vienna aliyepita kwenye kambi za mateso za Wanazi, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1946 jambo ambalo daktari mkuu wa kambi alimweleza. Kati ya Krismasi ya 1944 na Mwaka Mpya wa 1945, vifo kambini viliongezeka kupita ilivyokuwa kawaida. Kazi haikuwa imezidi ugumu, chakula hakikuwa kimepungua zaidi, wala hapakuwa na ugonjwa mpya. Maelezo ya daktari yalikuwa kwamba wengi walijiaminisha kuwa Krismasi itawakuta nyumbani. Iliwakuta kambini, na wakakatika.

Siwezi kulifananisha basi bovu na mahali pale. Naitaja habari hiyo kwa sababu inaonyesha mahali ambapo watu huegemeza furaha yao vibaya: kwenye tarehe. Mwaka huu lazima tufike. Mwaka huu lazima wote wawepo, lazima mvua isinyeshe, lazima mjomba asilewe. Moyo mkunjufu ninaouzungumzia haujui kama fundi atakuja. Mwanasaikolojia Iris Mauss na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba watu wanaoipa furaha thamani kubwa mno huishia kuikosa, tena hasa pale mambo yanapokuwa mazuri, kwa sababu wanajipima kila saa. Ukijikuta mezani unajiuliza kama umefurahi ya kutosha, inuka uoshe vyombo. Ninalisema kwa dhati, limenisaidia.

Limebaki dai ambalo wengi hulisema kwa sauti ya chini: «Mimi sina tatizo. Tatizo ni ndugu.»

Ni kweli ndugu wanachosha. Watafiti Thomas Holmes na Richard Rahe walipopanga mwaka 1967 orodha ya mambo 43 yanayoulemea mwili na akili, walianzia kifo cha mwenzi wa ndoa, pointi 100, wakashuka kupitia kifungo na kufukuzwa kazi, na karibu na mwisho wakaiweka Krismasi, pointi 12. Krismasi nzuri, bila basi kuharibika. Kukutana kwenyewe ni kazi.

Kaka yangu na baba mdogo hawakusemezana miaka minne kwa sababu ya mpaka wa kihamba (shamba la ukoo), mstari wa migomba isiyofika kumi. Mpaka wetu, kama mingi ya Uchagani, umepandwa sale. Mmea huo huo ndio wa kuombea msamaha: ukimkosea mtu ukamletea jani la sale, kulikataa ni jambo zito, na wazee watakuuliza wewe uliyekataa badala ya yule aliyekosa. Tarehe 26 Desemba moja baba mdogo aliingia uani na jani mkononi, limefungwa fundo. Hakuwa na uso wa kutubu. Alionekana mtu aliyetembea kutoka kwake akijilaumu kila hatua. Kaka naye hakutabasamu. Alilipokea, akaliweka mezani kando ya chombo cha chumvi, akavuta kiti kingine. Mbege ikazunguka kwenye kata, ikapita kwa mmoja, ikafika kwa mwingine. Mpaka bado uko kwa mwenyekiti wa kijiji. Baba mdogo huja kila mwaka, na watoto wetu wanajuana majina.

Hedaru, fundi alifika saa saba usiku. Saa tisa injini iliwaka, na hakuna aliyeshangilia kwa sauti kwa sababu watoto walikuwa wamelala, yule wa nyuma yangu akiwa na makombo ya mkate shavuni. Tulifika Himo alfajiri, mlima ukiwa bado gizani. Yule mama akateremka. Konda alimbebea tenga hadi chini, akalitua taratibu, akamtakia heri ya Krismasi.

«Na kwako pia, mwanangu,» akajibu, akikaza kitenge kiunoni. «Na yale majina daftarini, usidhani nimesahau.»